Tone Moja Kila Sekunde Nane

Usiku wa nne baada ya kuhamia niliamka saa nane kwa baridi, nikashuka ngazi nimejitanda blanketi, nikasimama mbele ya boila kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa kosa la mwanawe. Geji ilikuwa inasoma 0.8. Siku ya kukabidhiwa nyumba, kwa macho yangu mwenyewe, ilisoma 1.5. Sikujua bado namba hizo zina maana gani. Nilijua tu kwamba zinashuka, na kwamba nyumba yenyewe hatujaikalia hata wiki.

Nieleze kwanza mfumo ulivyo, maana bila picha hiyo mengine yote yatakuwa kelele. Boila ya gesi inapasha maji, pampu inayasukuma katika mabomba yaliyofichwa ukutani na sakafuni. Chini hakuna rejeta hata moja. (Naziita rejeta kama mafundi wa magari wanavyoita ile ya gari. Kazi ni moja, ila gari linataka kulifukuza joto na mimi nalitaka.) Joto la chini linatoka kwenye mabomba ya plastiki yaliyozikwa ndani ya sakafu ya saruji, kila chumba na mzunguko wake. Vyumba vya juu vina rejeta za ukutani. Maji ni yale yale: yanakwenda ya moto, yanarudi yamepoa, hayatoki wala hayaingii. Hilo la kutotoka na kutoingia ndilo jambo kubwa, na lilinichukua wiki tatu kulielewa.

Malalamiko yetu yalikuwa matatu. Sebule ilikuwa ya baridi wakati chumba cha kusomea kinaoka mkate. Rejeta ya chumba cha watoto, ya mwisho kabisa kule juu, ilikuwa vuguvugu tu hata boila ikiunguruma kutwa. Na presha ilikuwa inashuka. Fundi wa mjenzi akaja, kijana mchangamfu.

"Bosi, nyumba mpya hizi zinahitaji muda kuzoea," akasema.

Akafungua koki mbili ndogo chini ya boila, tukasikia maji yakiingia, mshale wa geji ukapanda hadi 1.5. Akafunga, akanisainisha karatasi, akaondoka. Siku nne baadaye, 0.8. Akaja tena, akajaza tena. Mara ya tatu hakuja kabisa, alinielekeza kwa simu nijaze mwenyewe, na mimi nikajiona nimehitimu.

Aliyenitoa usingizini ni mzee mmoja, fundi bomba aliyestaafu, baba wa mfanyakazi mwenzangu. Alikuja kama mgeni, akanywa chai, akapita nyumba nzima akigusa mabomba kwa mgongo wa mkono, hakusema neno. Nilipomwambia kwa fahari kwamba sasa najua kujaza maji mwenyewe, akanitazama kwa huruma.

"Umejaza mara ngapi, mwanangu?"

"Mara tatu, mzee. Nne ukihesabu ya jana."

"Basi umeilisha kutu mara nne."

Maelezo yake yalikuwa haya. Maji ya bombani yana oksijeni iliyoyeyuka ndani yake. Yakifungiwa kwenye mfumo, oksijeni inakula chuma cha rejeta mpaka iishe, halafu maji yanatulia na kutu inasimama. Ukiongeza maji mapya umeleta oksijeni mpya, na karamu inaanza upya. Mabaki yake ni tope jeusi, laini kama masizi yaliyolowa, ambalo sumaku inalivuta. Linatuama chini ya rejeta, linaziba njia nyembamba ndani ya boila, linakwaruza pampu. Tena kila lita unayoongeza inaizimua ile dawa ya kuzuia kutu iliyowekwa mwanzoni, kama iliwekwa. Kwa hiyo tiba niliyopewa kwa simu ilikuwa inaficha ugonjwa mmoja na kuanzisha mwingine.

Kisha akasema neno lililobadilisha namna yangu ya kutafuta. Katika nyumba ya zamani, akasema, unauliza nini kimeharibika, kwa sababu kila kitu kiliwahi kufanya kazi. Hapa hakuna kitu kilichowahi kufanya kazi. Hapa unauliza nani hakumaliza.

Nikanunua daftari.

Tulianza na sebule, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatugombanisha mimi na mke wangu. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake anachezea thamostati, kile kidude cha ukutani cha kuchagua joto la chumba, kwa siri. Nikipandisha ya sebule hadi nyuzi 23, saa tatu baadaye sebule imepoa zaidi. Yeye akiishusha kwa hasira, inapata joto. Nyumba ilikuwa kama inatubishia makusudi.

Mzee akanipeleka kwenye kabati chini ya ngazi. Mle ndani mna manifoldi, kipande kirefu cha shaba nyeupe ambako mizunguko yote ya sakafuni inaanzia na kurudia. Juu ya kila mzunguko pamekaa kichwa cheupe cha plastiki. Ndani yake mna nta. Thamostati ikitaka joto inapeleka umeme, nta inapata moto, inapanuka, inafungua vali. Inachukua dakika tatu au nne. Pembeni, kila mzunguko una kibomba cha plastiki angavu chenye alama nyekundu inayoonyesha lita ngapi zinapita kwa dakika.

"Usipime chumba," akasema. "Sakafu ya saruji ni nzito, itakudanganya kutwa nzima. Pima hapa."

Tukashusha thamostati zote hadi nyuzi 5, tukasubiri mpaka alama zote nyekundu zikalala kwenye sifuri. Kisha nikaenda sebuleni nikapandisha ile ya sebule peke yake. Mzee alibaki kabatini. Baada ya dakika nne nikamsikia anacheka. Mzunguko uliofunguka ulikuwa wa chumba cha kusomea.

Waya mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi kwenye kisanduku cha umeme. Ni hilo tu. Lakini fuata matokeo yake, maana yana uzuri wa kikatili. Sebuleni tunaona baridi, tunapandisha thamostati. Amri inafika kwenye vali ya chumba cha kusomea, nacho kinapata moto. Thamostati ya chumba cha kusomea inaona joto limezidi, inaamuru vali ifunge. Vali inayoitii ni ya sebule. Sebule inazidi kupoa, sisi tunazidi kupandisha, na kila tunavyojitahidi ndivyo tunavyojinyima. Thamostati zote mbili zilikuwa nzima. Vali zote mbili zilikuwa nzima. Ungeweza kubadilisha kila kifaa kimoja kimoja, ukaweka kipya, na ugonjwa ungebaki pale pale.

Nilizima umeme wa mfumo, nikabadilisha waya mbili kwa bisibisi ndogo, nikarudia jaribio kwa vyumba vyote vya chini. Vingine vilikuwa sawa. Nikaandika jina la kila chumba kwa kalamu ya wino juu ya kila kichwa cheupe. Mke wangu hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba.

Hapo kabatini ndipo nilipoitazama kwa makini fomu ya makabidhiano, iliyobandikwa ndani ya mlango. Ilikuwa na safu ya mtiririko uliopimwa kwa kila mzunguko. Kote kumeandikwa 2.0. Sebule yenye mabomba marefu kuliko yote, 2.0. Choo kidogo cha wageni chenye sakafu ya hatua mbili, 2.0. Mwandiko mmoja, kalamu moja, na nadhani pumzi moja. Vibomba angavu vyenyewe vilikuwa vinaonyesha mambo tofauti kabisa. Sikukasirika sana, na nitasema kwa nini mbele kidogo, ila tangu siku hiyo kila alama ya vema kwenye karatasi zangu za nyumba niliisoma kama swali.

Presha sasa. Hapa ndipo penye utamu.

Maji yakipata moto yanapanuka. Kutoka nyuzi 10 hadi 80 yanaongezeka kwa takriban asilimia 3, kwa hiyo lita 100 zinatafuta pa kuweka lita 3 zaidi, na maji hayabanwi. Ndiyo maana ndani ya boila mna tangi la upanuzi, mkebe wa bati uliogawanywa kwa kiwambo cha mpira. Upande mmoja maji, upande wa pili hewa, yenye vali ile ile ya tairi la baiskeli. Maji yakipanuka yanaisukuma hewa, nayo inabonyea kama mto. Hewa ya tangi hilo ikiisha, presha inaruka juu kila boila ikiwaka, inafika bari 3 (bari ndicho kipimo cha presha kinachosomwa na geji), vali ya usalama inafunguka na kutema maji nje, halafu mfumo ukipoa geji inaanguka. Mtu anayeona geji ya asubuhi peke yake ataapa kuna mvujo.

Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kuuondoa uwezekano huo mezani. Niliandika namba za baridi na za moto kwa siku mbili: 1.5 ikiwa baridi, 2.1 ikiwa moto. Hiyo ni afya. Bomba la vali ya usalama linatokeza nje ya ukuta, nikalifunga mfuko wa plastiki kwa mpira. Siku mbili, mfuko mkavu. Tangi halikuwa na kosa, wala vali.

Mzee akapiga hesabu nyuma ya daftari langu, na mimi niliyepata alama za aibu katika fizikia nikaielewa kwa mara ya kwanza kanuni ya Boyle ya mwaka 1662: hewa ikibanwa kwa presha mara mbili, nafasi yake inakuwa nusu. Tangi letu ni la lita 8, na hewa yake ilijazwa kiwandani kwa bari 0.75. Kwa kanuni hiyo unaongeza kwanza 1 juu ya kila namba, kwa ajili ya presha ya hewa ya nje ambayo geji haiihesabu. Geji ikisoma 1.5, hewa imebanwa hadi lita 5.6. Ikisoma 0.8, imelegea hadi karibu lita 7.8. Tofauti hiyo ndiyo maji yaliyotoroka: lita mbili na kidogo. Zigawe kwa siku nne, kisha kwa saa, kisha kwa matone ishirini ya kila mililita. Inatoka tone moja kila sekunde nane.

Hesabu ile ilinituliza na kunitisha kwa pamoja. Ilinituliza kwa sababu ni tone tu. Ilinitisha kwa sababu tone moja kila sekunde nane, ndani ya ukuta, linaweza kudondoka mwaka mzima bila mtu kuliona, hasa katika nyumba mpya. Nyumba iliyojengwa juzi imejaa maji ya ujenzi. Saruji, plasta, rangi, vyote vinakauka polepole na kutoa unyevu kwa miezi. Ukiona doa, unaambiwa nyumba inakauka, na mara nyingi ni kweli. Hakuna mahali pazuri pa kuficha mvujo kuliko katika nyumba ambayo kila mtu anatarajia iwe na unyevu.

Jaribio lililofuata nalipenda mpaka leo. Tulizima boila jioni, ikapoa. Chini yake kuna vali mbili, ya bomba la kwenda na ya bomba la kurudi. Tukazifunga zote, boila na tangi lake vikabaki upande mmoja, mabomba ya nyumba upande wa pili. Manifoldi ina geji yake ndogo, kwa hiyo kila upande ulikuwa na shahidi wake. Tukalala na masweta.

Asubuhi geji ya boila ilikuwa pale pale tulipoiacha. Ile ya manifoldi ilikuwa imeanguka. Bila tangi la kuisaidia, mililita chache tu zinatosha kuiangusha. Basi boila haina hatia, mvujo uko kwenye mabomba. Hilo nililitarajia. Nisichokitarajia ni kwamba mshale wa manifoldi haukufika sifuri. Ulisimama juu kidogo ya 0.2, na saa mbili baadaye ulikuwa bado hapo.

Nilimpigia mzee simu kumwambia. Akanyamaza kidogo.

"Geji hiyo iko juu kiasi gani kutoka sakafuni?"

Nikapima. Sentimita 60.

"Safu ya maji ya mita 10 ni bari moja," akasema. "Wewe una bari 0.2 na kitu. Mvujo ukiwa chini ya geji, isingebaki na presha ya kusoma. Maji yameshuka mpaka kwenye tundu, yakasimama. Tundu liko mita mbili na kidogo juu ya geji. Nenda kaangalie sakafu ya juu, chini kabisa ya kuta."

Geji ya namna ile si chombo cha maabara, na mzee mwenyewe alinionya nisiipe heshima isiyostahili. Lakini ilitosha kuondoa sakafu nzima ya chini katika shaka. Mke wangu alikuwa ameshaanza kuniuliza kwa upole wa hatari kama tutalazimika kuvunja saruji ya sebule. Niliweza kumjibu hapana.

Juu nilitumia karatasi za chooni. Unaifunga karatasi kavu kwenye kila kiungo na kila vali, unarudi baada ya saa moja, na karatasi haijui kusema uongo. Rejeta zote tano, viungo vyote, kavu. Nikakaa sakafuni kwenye ujia, nimechoka, mgongo ukutani, na hapo ndipo nilipoona kwamba rangi juu ya skatingi, ule ubao unaozunguka chini ya ukuta, ilikuwa na uvimbe mdogo, mahali ambapo binti yangu alikuwa amebandika stika ya kipepeo wiki ya kwanza. Doa lile tulikuwa tumeliona. Fundi wa mjenzi naye aliliona. Rangi inakauka, alisema.

Niling'oa ubao. Ulishikwa kwa skrubu, na moja ya skrubu hizo ilikuwa imepita kwenye ubao, ikapita kwenye jipsamu, ikaingia katikati ya bomba la plastiki la milimita 15. Haikulitoboa na kuliacha. Iliingia na kukaa humo, ikawa tundu na kizibo kwa wakati mmoja. Maji yalikuwa yanapenya kwenye hesi zake, tone moja, sekunde nane, tone lingine. Ningeitoa skrubu ile bila kufunga maji kwanza ningeoga. Nilifunga kwanza, nikamwita fundi mwenye leseni, akakata kipande cha bomba na kuweka kiungo kipya. Kazi ya dakika arobaini, na thelathini kati ya hizo zilikuwa za kumwaga maji na kujaza.

Sasa lile nililosema kuhusu kutokasirika. Katika makaratasi yangu kulikuwa na cheti cha jaribio la presha, na nilikuwa tayari kukiita uongo kama ile safu ya 2.0. Hakikuwa uongo. Mabomba yalijaribiwa kabla ya jipsamu kufungwa, kama inavyotakiwa, yakafaulu. Tarehe iko pale. Seremala alikuja baada ya hapo na skrubu ndefu kuliko mahitaji, na hakuna aliyemwambia bomba linapita wapi. Aliyelaza mabomba alimaliza kazi yake. Aliyefunga mbao alimaliza yake. Kilichokosekana kilikuwa katikati yao, na katikati hakuna mtu anayeajiriwa. Kuanzia hapo niliacha kumsema vibaya yule kijana mchangamfu. Yeye alitumwa kupandisha mshale, akaupandisha.

Rejeta ya watoto ilikuwa jambo dogo baada ya hayo, ingawa nayo ilinifundisha kuusikiliza mkono wangu. Rejeta yenye baridi juu na joto chini ina hewa, unaitoa kwa ufunguo mdogo. Yenye baridi chini na joto juu ina tope. Yetu ilikuwa vuguvugu sawasawa kote, na nilipofungua tundu la hewa yalitoka maji moja kwa moja. Hapo tatizo ni mtiririko. Rejeta zilizo karibu na boila zilikuwa wazi kabisa, zinakunywa maji yote kama ndugu wakubwa walioketi karibu na sinia. Kila rejeta ina vali mbili, ya kuzungusha kwa mkono na nyingine yenye kofia, ambayo watu wengi hawajui ni ya nini. Ile ya kofia ni ya kugawa. Nilizibana za karibu kidogo kidogo, robo ya mzunguko, nikasubiri, nikagusa, nikabana tena. Ilichukua Jumamosi nzima, na ni kazi ambayo kwenye fomu ilikuwa imetiwa vema. Mizunguko ya sakafuni nayo niliipanga upya kwa urefu wa mabomba, na choo cha wageni hakina tena 2.0.

Mzee alinishauri mawili ya mwisho. Kwanza mfumo usafishwe na dawa ya kuzuia kutu iwekwe upya, kwa sababu ya maji yangu manne. Kichujio cha sumaku kilipofunguliwa kilikuwa na ndevu nyeusi, na katikati ya ndevu chenga za shaba na vijipande vya plastiki, takataka za ujenzi ambazo hazikuoshwa kamwe. Pili, nishushe joto la maji yanayotoka kwenye boila. Ilikuwa imewekwa nyuzi 80. Boila hizi za kisasa zinavuna joto la ziada kutoka kwenye mvuke wa moshi wake, lakini mvuke hautageuka maji vizuri kama maji yanayorudi yamezidi nyuzi 55 au hapo karibu. Niko 60 sasa, vyumba vina joto lile lile, na boila haiwaki na kuzima kila dakika kama mtu mwenye kwikwi. Kifuniko chake sijawahi kukifungua, na sitakifungua. Gesi na moshi ni vya mwenye leseni.

Leo asubuhi geji ilisoma 1.5. Ni wiki ya sita inasoma hivyo, na bado nashuka kuitazama kabla ya kunawa uso. Skrubu iko kwenye droo ya jikoni, na stika ya kipepeo imerudi mahali pake.

Imebaki sauti moja. Kila alfajiri boila ikiwaka, mahali fulani chini ya ujia wa juu bomba linagonga tik, tik, tik, kwa dakika kumi hivi, kisha linanyamaza. Mzee anasema ni bomba linalorefuka kwa joto na limebanwa na klipu mahali lisipopata nafasi ya kuteleza, halina madhara. Nadhani najua ni klipu ipi. Jumamosi nataka kuinua ubao mmoja tu wa sakafu. Mke wangu amesema nikianza, yeye na watoto wanakwenda kwa dada yake.